Mama Daktari wa Euless

Euless, Texas
8 Septemba 2024

Wifi Kudra,

Shikamoo. Najua marahaba yako itachukua wiki nzima kufika kutoka Sugar Land, lakini mimi nimeshaipokea. Hapa sote wazima. Kaka yako Elia bado anaendesha lori la mizigo kule uwanja wa ndege, akirudi analala na viatu. Mimi bado niko jikoni wanakopika chakula cha ndege, napanga kuku kwenye visahani mpaka nikifumba macho naona kuku. Shemeji hajambo? Na Brandon wetu?

Usishangae kupata barua ya karatasi kama tuko enzi za baba zetu. Unakumbuka ule ujumbe wa sauti wa mwezi wa sita, niliokusudia uje kwako, nikautupa kwenye kundi la ukoo mzima? Ule ambao nilikuwa namsema mama yako na ubwabwa wake. Mpaka Tukuyu waliusikia. Mama mkwe hadi leo hapokei simu yangu. Tangu siku hiyo naiogopa simu, ina mdomo kuliko mimi. Karatasi naiandika jina lako juu, naibandika stempu, inakuja kwako basi.

Sasa jambo lenyewe. Angel ameanza mwaka wa tatu. Na si mwaka wa tatu wa kawaida, wifi. Ngoja nikueleze, maana mimi mwenyewe alinieleza mara nyingi, akinichorea nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Watu wengine wanaotaka kuwa madaktari wa fiziotherapia, hawa wanaowarudisha watu kwenye kutembea na kunyanyua mikono, wanasoma miaka minne ya shahada ya kwanza, ndipo wanaomba upya, wanangoja, wakichukuliwa wanasoma mitatu ya udaktari. Angel yuko kwenye mpango wa kuunganisha. Anasoma mitatu, halafu akipita mchujo wa mwezi wa nne anavushwa moja kwa moja kwenye ile mitatu ya udaktari, chuo kilekile, na mwaka wa kwanza wa udaktari wanamhesabia kuwa ndio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Mtu mmoja, kiti kimoja, anasomea shahada mbili. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa kitu cha namna hiyo. Sijui kimetoka wapi. Kwenu mlikuwa na akili, lakini si hivyo.

Mchujo wenyewe wanaangalia alama, wanaangalia saa alizokaa kliniki akitazama wataalamu wakifanya kazi, wanamwita kwenye usaili, na wanaangalia tabia. Alama anazo. Tabia kachukua kwangu.

Basi kanisani wameacha kuniita Mama Angel. Unajua ibada yetu ya Kiswahili ni saa nane mchana, tunaazimwa jengo Wamarekani wakishamaliza ya kwao. Kuna mama Mkongo anatoka mtaa wa Vickery Meadow, anaitwa Élodie. Siku moja alinishika mkono mlangoni: "Mama Docteur, mugongo inaniuma sana, uambie mutoto." Kuanzia hapo kila mtu ananiita Mama Daktari. Ningewasahihisha, ila tulikuwa tunaingia kwenye maombi.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada watu wanakuja kwangu na viuno vyao na magoti yao. Wanapata chai, wanapata na mazoezi. Sebule imekuwa kliniki. Ungeona ungefurahi.

Akupendaye,
Mama Daktari (Melania)

*

Sugar Land
29 Septemba 2024

Melania,

Marahaba. Tu wazima, joto tu ndilo linatutafuna. Natoka zamu miguu imevimba kama mikate, kisha namkuta shemeji yako kwenye kochi ananiuliza mbona nimechelewa. Brandon anawasalimu. Ndiye yule niliyemtangaza kwenye harusi ya watu, kipaza sauti mkononi, kwamba anasomea uinjinia. Sasa anatengeneza viyoyozi, na Houston nzima inamtafuta kuliko injinia yeyote. Kwa hiyo usione nakuandikia kwa wivu. Kwenye kutangaza watoto mimi ndiye mwalimu wako.

Mama bado ana hasira ya ubwabwa. Mimi ule ujumbe niliusikiliza mara mbili, na ni kweli mkono wake hauijui chumvi. Hilo hukulisikia kwangu.

Angel nampongeza kwa moyo wote. Lakini mwisho wa barua yako nimeurudia nikiwa nimesimama. Wifi, mimi ni nesi, leseni yangu niliitolea jasho na machozi. Mtu asiye na leseni hashiki kiungo cha mgonjwa hata awe na alama za malaika. Angel kule kliniki anatazama tu, si ndiyo? Anafuta vitanda, anakunja taulo, anatazama. Sasa hao wageni wa sebuleni kwako, nani anayewapa mazoezi?

Simuulizi Angel. Nakuuliza wewe.

Kudra

*

Euless
24 Novemba 2024

Wifi Kudra,

Shikamoo tena, na samahani kwa kuchelewa. Wiki hii ni ya Sikukuu ya Shukrani, ndege zote za Amerika zinakula bata mzinga. Tumewapanga mpaka tumeishiwa nguvu, sisi na wao. Elia amepata mafua akayafanya msiba. Baridi imeingia kidogo, nimetoa majaketi, moja nimekuta bado lina karanga za mwaka jana.

Kuhusu swali lako, Angel yuko kwenye mitihani.

Ngoja nikuhadithie ya Mzee Wilfred. Ni Mkenya, anaendesha basi dogo la kutoa abiria uwanjani kuwapeleka kwenye maegesho ya magari, na kanisani kwetu ndiye anayesimama mlangoni kukaribisha watu. Goti lake la kulia lilikuwa limemtawala. Akipanda ngazi ya basi lake mwenyewe abiria ndio waliokuwa wanamshika yeye mkono. Alikuja Jumapili, kala chapati kwanza, halafu akalala ubavu kwenye zulia. Nikamfunga mkanda wa kitenge juu kidogo ya magoti, nikamwambia avute pumzi, afungue goti la juu polepole kama anafungua friji usiku bila mke kusikia, mkanda umbane, kisha afunge. Hilo zoezi Angel alilipata mwaka jana kule anakotazama, na mimi ndiye nilikuwa mwili wake wa kujifunzia. Kila jioni ananilaza hapo, ananibonyeza paja, anataja majina ya misuli kama anaita mahudhurio. Zoezi ni la wasomi ila kitenge ni ubunifu wangu. Ile mikanda yao ya mpira ya rangi inakatika, kitenge kizuri hakikatiki, na kikichoka unakivaa.

Jumapili iliyofuata Wilfred kaingia anatembea kama bwana harusi. "Mama Daktari," kanishika mikono yote miwili, "wacha nikuambie. Hii goti imerudi ujana. Jana nimepanda ngazi nikiimba. Huyo daktari msichana anasoma wapi?"

Nikamtajia chuo. Ningefichaje, wifi, kimeandikwa kifuani kwenye fulana yangu, na chini yake neno Mama.

Mjomba wako wa Tukuyu nimesikia ameoa tena. Nipe habari, hapa hatuambiwi kitu tangu ubwabwa.

Melania

*

Sugar Land
15 Desemba 2024

Melania,

Wa kuoa ameoa kweli, bibi harusi anamzidi kimo, picha nitakutumia.

Sasa sikiliza. "Nikamfunga." "Nikamwambia." Hayo maneno yako nimeyazungushia kalamu. Nimemtafuta Angel katika hadithi nzima nikamkuta yuko maktaba. Daktari wa Euless ni wewe, mpishi wa kuku.

Nimecheka, sikufichi. Nimecheka ile ya friji mpaka shemeji yako akaja kuuliza kama nina kichaa. Nilipomaliza kucheka nikaogopa. Watu wanalala kwenye zulia lako kwa jina la mtoto ambaye hajui kama wamelala. Jina hilo ndilo litakaloitwa kwenye mchujo mwezi wa nne.

Acha. Wape chai, wape chapati, wenye magoti waambie waende kwa daktari mwenye cheti ukutani. Na mwambie Angel kabla hajaambiwa na mwingine.

Krismasi njooni huku kwetu Houston, wote watatu. Mbuzi nitapata kwa Mzanzibari mmoja wa mtaa wa Alief, halafu tutaongea.

Kudra

*

Euless
9 Februari 2025

Wifi Kudra,

Shikamoo. Hatukuja Krismasi kwa sababu nilikuwa na zamu. Elia amesoma mstari huo hapa begani kwangu, anasema niandike ukweli. Sikuwa na zamu. Niliogopa macho yako.

Elia mafua yameisha. Mimi ninakula, nalala kidogo.

Lililotokea ni hili. Mzee Wilfred ni mtu wa shukrani, malezi ya kwao ni hayo. Mwezi jana alichukua siku ya mapumziko, akavaa suti, mke wake akakaanga sinia zima la sambusa, akaendesha gari mpaka chuoni kwa Angel. Hakumtafuta Angel. Aliwatafuta wakubwa wake, ili awashukuru, wampandishe cheo. Alisimama mapokezi na sinia lake akasema amekuja kumsifu Daktari Angel wa ile kliniki ya Jumapili ya Euless, aliyemponya goti. Wakamuuliza kliniki gani. Akawaeleza vizuri sana, na mtaa akautaja. Walikula sambusa, wakamshukuru, akarudi nyumbani ameridhika. Mchana huohuo Angel akaitwa ofisini.

Alirudi jioni, mimi nakatakata vitunguu. Akaweka begi chini.

"Mama, kuna mtu anaitwa Wilfred?"

"Wa kanisani. Kwani vipi, goti limerudi?"

"Kuna kliniki hapa Jumapili?"

"Kliniki ni neno kubwa. Watu wanakunywa chai."

Akaangalia pembeni ya kochi. Mikanda ya kitenge ilikuwa kwenye kapu, nimeipanga, ya wanene huku, ya wembamba huku.

"Na jina unalotumia ni langu?"

Nikamuuliza kama amekula.

Tangu siku hiyo ananijibu Kiingereza. Nikimuuliza mchuzi umetosha, Kiingereza. Nikimuuliza anarudi saa ngapi, Kiingereza, tena cha adabu, kile wanachosema watu wa benki. Ukiwa na mtoto anayekupigia kelele unajua pa kushika. Huyu ananipita kwenye korido ananiomba samahani.

Walimu wanataka ajieleze mbele yao mwisho wa mwezi wa tatu, kabla ya mchujo. Wakiona alikuwa anatibu watu bila leseni hawamvushi. Atamaliza shahada ya kwanza, aanze kuomba upya vyuo vingine, na doa hilo litatangulia kufika kila mahali kabla yake.

Jumapili iliyofuata niliwapa watu chai tupu. Wakauliza mikanda iko wapi. Nikasema nimeifua, haijakauka.

Wifi, nimewaza hivi. Mzee Wilfred ana miaka yake. Nikienda nikawaambia kwamba ni mzee mzuri ila siku hizi anachanganya mambo, si yataisha? Hatapungukiwa kitu. Nijibu haraka.

Melania

*

Sugar Land
20 Februari 2025

Melania,

Leo sina salamu. Wazima.

Hapana. Wilfred usimguse. Mtu amekuletea shukrani na sinia, wewe unataka kumlipa uzezeta.

Nilikuwa nimekuficha kitu, sasa nakifichua. Angel ananipigia simu kila Jumapili, saa ileile mko ibadani. Aliniomba nisikuambie. Nilimkubalia kwa sababu mimi ni shangazi yake na shangazi ndiyo kazi yake hiyo. Wale walimu walishamuuliza ni nani anayefanya mambo haya nyumbani kwenu. Amewajibu ni mtu wa jamii yetu, na jina hataji. Wamembana, hataji. Wamemwambia akilitaja jambo litakuwa jepesi kwake. Hataji.

Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini unajichoma? Nilidhani atasema ni heshima. Alisema hivi: "Shangazi, wakimwita Mama wamuulize kwa Kiingereza chao cha ofisini, atajikunyata. Nimeshamwona akijikunyata benki. Sitaki nimwone hivyo mbele ya walimu wangu."

Nilijifanya simu inakatika.

Kwa hiyo si kwamba amekukasirikia tu, wifi. Amekusimamia mlangoni. Yuko tayari kupoteza kile kiti ili wewe usiulizwe maswali. Ukimwacha aendelee, atasimama hapo mpaka wamfungie, na wewe utabaki sebuleni na kapu lako.

Vaa vizuri. Nenda.

Kudra

*

Euless
30 Machi 2025

Wifi Kudra,

Shikamoo. Nilikwenda.

Nilivaa lile gauni la kitenge la Pasaka na viatu virefu vyeupe ambavyo sikuwa nimevivaa tangu ubatizo wa mtoto wa Élodie, nikakumbuka kwa nini sikuvivaa. Elia kanipeleka na gari. Angel alikuwa ametangulia, hakujua nakuja. Nilimkuta kwenye kiti nje ya mlango, mikono magotini. Kuniona akasimama. "Mama, no." Mlango ukafunguliwa saa hiyohiyo, nikaingia mimi mbele, maana mtoto aliye na adabu hawezi kumvuta mama yake gauni mbele ya watu.

Walikuwa walimu watatu, mkubwa wao mama mmoja mwenye nywele nyeupe, Profesa Sheldon. Nikasema kwa Kiingereza changu cha jikoni: mimi ndiye mama, na kliniki ndiyo mimi. Hapo Kiingereza kikaniishia. Kweli nilijikunyata, wifi. Nilisikia mabega yananipanda masikioni. Basi nikasema nitaongea Kiswahili, binti yangu atatafsiri.

"Waambie mama yako amekuwa akiwadanganya watu kwamba wewe ni daktari," nikamwambia Angel.

Angel akawaambia kwamba mama yake anasema huenda kulitokea kutoelewana kidogo katika jamii.

Kiingereza changu si cha kuandikia, lakini hilo neno la kutoelewana nalifahamu. Ndilo neno la msimamizi wangu akikosea ratiba.

"Sijasema hivyo," nikamwambia. "Nimesema kudanganya. Rudia."

"Mama, tafadhali."

"Rudia."

Akarudia. Profesa Sheldon akavua miwani.

"Waambie nilipenda kuitwa Mama Daktari. Waambie niliona ni mbali mpaka uhitimu, nikajichukulia mapema. Waambie siku zote hizo ulikuwa maktaba na mikanda nilikata mimi."

Angel alitafsiri neno kwa neno. Kufika kwenye mikanda, profesa akaomba kuona. Nilikuwa nao mmoja kwenye mkoba, sijui niliubeba kwa nini, labda nilidhani ni mahakama. Akaniambia nioneshe. Basi mimi mama mzima nikavua viatu, nikalala ubavu kwenye zulia la chuo kikuu na gauni la Pasaka, nikafungua goti kama friji. Yule profesa akapiga magoti, akanishika nyonga, akaisogeza mbele kidogo. Si hivyo, ni hivi. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nawasokota watu migongo. Élodie alinilalamikia mgongo, nikamwongezea mzunguko.

Halafu akaniuliza, nikiwa bado chini. Yule mzee, kabla ya kumlaza, uliangalia shavu la mguu wake? Lilikuwa limevimba? Lilikuwa la moto? Ana kisukari? Anatumia dawa gani?

Sikuwa nimeuliza. Nilimuuliza kama anaweka sukari kwenye chai.

Akasema, bila ukali, kwamba mtu mwenye goti linalouma wakati mwingine ana damu iliyoganda mguuni, na kuna mambo ambayo mtu mwenye mafunzo huyaangalia kwanza kabla hajamshika, kwa sababu damu hiyo ikihama ikafika kwenye mapafu mtu anaweza kufa palepale kwenye zulia lako. Hilo Angel alilitafsiri lote, wala hakulilainisha, wala hakunitazama. Nikaufungua ule mkanda magotini.

Wifi, mimi nilikuwa nadhani hiyo miaka yote ni ya kujifunza mazoezi. Mazoezi niliyaiba kwa mwezi mmoja. Kumbe miaka ni ya kujifunza nani usimguse.

Kutoka pale nilimpigia Wilfred simu kwenye korido, viatu mkononi. Nikamwambia aende hospitali leo hii aangaliwe mguu.

"Lakini Mama Daktari, niko sawa kabisa."

"Mimi si mama wa daktari yeyote, Mzee Wilfred. Mimi ni mama wa mwanafunzi. Nenda."

Alikwenda. Damu haijaganda popote. Wamemkuta na presha ambayo hakuijua, amepewa dawa.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, nilisimama nikawaambia wote. Sikuwa na karatasi, nilisema tu. Wilfred akasema kule mlangoni, "Yaani goti langu lilifunguliwa na mpishi wa ndege." Basi kanisa likaanguka kwa kicheko, na mimi nikaanguka nalo, ingawa nilikuwa nimepanga kulia. Élodie akainua mkono: "Na ile kamba, tuendelee nayo ao tuiache?" Nikamwambia tuiache, mama, twende wote kwa daktari wa kweli.

Kuhusu Angel. Siku ile tukirudi alikaa mbele na baba yake. Wakati nashuka akanishikia mlango, akasema kwa Kiswahili, "Nipe viatu. Unachechemea." Ndiyo maongezi yote mpaka leo.

Walimu hawajatoa jibu.

Melania

*

Sugar Land
12 Aprili 2025

Melania,

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye choo cha wafanyakazi, mpaka wakaja kugonga. Nikawaambia nina tumbo.

Mama nimempigia nikamsimulia ya zulia na gauni la Pasaka. Amecheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Huyo mwanamke ana moyo, ubwabwa nimemsamehe." Mpigie kabla hajabadili mawazo.

Jibu je?

Kudra

*

Euless
4 Mei 2025

Wifi yangu Kudra,

Shikamoo. Mama nimempigia, tumeongea vizuri, amenifundisha ubwabwa upya kuanzia kupima maji. Elia anakusalimu.

Funga mlango kwanza ndipo usome.

Wamemvusha. Wamemwandikia kwamba jambo la nyumbani limewekwa sawa, halina doa kwake, na usaili amefanya vizuri, na kiti chake cha udaktari kiko palepale, anaanza kiangazi hiki. Nilikuwa nakaanga samaki aliponiambia. Alisema tu, "Mama, nimepita," kama mtu anayesema mvua inakuja. Nikaweka mwiko chini, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo nipige kigelegele ambacho nilikuwa nakilea tangu azaliwe.

Angel akaniwekea kiganja mdomoni.

"Hapana," akasema. "Usimwambie mtu. Mpaka nimalize. Sitaki niitwe kitu ambacho bado sijawa."

"Mpaka umalize udaktari?" nikasema kwenye kiganja. "Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu, Mama."

"Na shangazi yako?"

Akafikiri. "Shangazi tu."

Samaki waliungua. Tulikula hivyohivyo, tukiwa watatu, na Elia aliomba dua ndefu kuliko ya mchungaji, naona naye ndiyo njia aliyobaki nayo ya kuongea.

Sasa ona adhabu yangu, wifi. Mimi, ambaye nilitangaza jino lake la kwanza kwenye harusi ya jirani. Habari ninayo, ya kweli safari hii, imethibitishwa na chuo kikuu, na siwezi kuitoa. Kanisani leo Wilfred kaniuliza, "Na msichana wetu, Mama Angel, anaendeleaje?" Wamesimama mama wengine pale na sahani zao, wananingoja. Nilisikia neno zima limepanda mpaka kwenye meno. Nikasema, "Anasoma."

"Bado?"

"Bado."

Nikachukua masufuria nikaenda kuyaosha, hata yale yasiyokuwa yangu.

Kazini nimeshindwa, nimemnong'oneza kuku mmoja, nikamfunika foili, akaondoka na ndege ya Frankfurt. Huko hawanijui.

Lakini wewe hukukatazwa, nilisikiliza vizuri. Houston hakuitaja. Kwa hiyo nakuomba, wifi yangu, ukishaimaliza barua hii simama katikati ya chumba, hakikisha madirisha yamefungwa na kiyoyozi cha Brandon kinavuma, unipigie kigelegele kimoja kirefu, mpaka pumzi ikuishie. Halafu kaa chini, unywe maji, usimwambie mtu.

Melania